Vifo Saba vya Mzee Patroba

Kabla hajatimiza miaka ishirini na minne, Patroba alikuwa ameshakufa mara saba. Simba alimla mara mbili, na mara ya pili simba mwenyewe alikuwa mzee kibogoyo, ikabidi Patroba amsaidie kwa kujisukuma mdomoni. Nyoka alimgonga kisigino. Mshale wa sumu ulimpata shingoni, kifaru akamrusha juu ya miiba, daraja la kamba likamkatikia, na katika sinema ya mwisho alikufa kwa woga tu bila kuguswa na chochote, maana mwongozaji alikuwa amechoka na jua lilikuwa linamkimbia. Kila alipokufa alijipangusa vumbi, akaenda kupanga foleni ya ugali.

Hizo zilikuwa enzi za watu wa Hollywood kuja Kenya na malori yao, mwaka hamsini na sita mpaka sitini na mbili. Kazi ya Patroba ilikuwa kubeba sanduku nyuma ya bwana mwenye bunduki na bibi mwenye nywele za dhahabu. Katika sinema tano kati ya saba aliitwa Juma. Majina yalipoorodheshwa mwishoni, hata farasi wa bwana aliandikwa, Patroba hakuandikwa. Lakini kazi yake aliijua barabara: kushtuka kabla ya wengine, kunyoosha kidole kichakani, kutoa macho, kisha kufa upesi ili bwana apate sababu ya kukasirika.

"Bila mimi kufa," aliwaambia Wakenya wenzake wa Dallas, "yule bwana angekaa hemani anakunywa chai mpaka sinema iishe."

Sasa ana miaka themanini na saba, anaishi Euless, kitongoji cha Dallas huko Marekani, kwa bintiye Jedidah, ambaye ni nesi, katika ghorofa ambayo ndege huipita zikiwa zimeshashusha magurudumu, mpaka mgeni anainamisha kichwa. Kwenye nyama choma za Wakenya mtaa wa jirani, Carrollton, alitengewa kiti karibu na jiko, na kila mwaka hadithi zilinenepa. Simba kibogoyo aliota meno. Kisha akaota mke. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyeamini hata nusu, wala yeye hakudai waamini.

Mwezi wa tatu alikuwepo mgeni kutoka Houston, dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, Celestine, nesi kama Jedidah. Alisikiliza habari za kambi ya sinema kando ya mto Mara, kisha akaweka sahani chini.

"Hao watu wa sinema ndio walionichukulia babu," alisema. "Alikuwa anaitwa Mwita. Alitoka Kehancha kwenda kuwabebea mizigo, akapata mwanamke huko, akatoroka naye. Bibi yangu aliachwa na mimba ya baba yangu. Amekufa juzi tu, mwaka elfu mbili na tisa, bado anamlaani."

Mfupa ulimtoka Patroba mkononi.

"Babu yako hakutoroka," alisema. "Alizama. Mimi nilikuwa pale."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani hiki ni kifo cha nane. Celestine hakucheka.

"Mzee, dakika tano zilizopita umetuambia tai alikubeba mpaka Narok."

"Ya tai ni ya kuchangamsha baraza. Hii ni kweli."

"Na mimi nitajuaje tofauti?"

Patroba alizungusha kofia yake magotini, kisha akasema, "Sinema yenyewe itakuambia. Nilitaja jina lake mle ndani."

Akawaeleza, kwa mara ya kwanza na bila madoido. Palikuwa na tukio la kuvuka mto kwa kamba, wabeba mizigo kumi na wawili. Walivuka salama. Mwongozaji akataka wavuke tena kwa sababu wingu lilikuwa limepita juu ya jua. Maji yalikuwa yamepanda. Mwita alikuwa wa mwisho kwenye kamba, na sanduku lake kichwani, halafu likaonekana sanduku peke yake. Wakubwa wa kambi wakasema asijue mtu. Mtu huyo ametoroka, basi. Siku mbili baadaye, ukingoni palepale, Patroba akaambiwa amkimbilie bwana na kupiga kelele kwa lugha yake. Sema chochote, aliambiwa, hakuna atakayeelewa. Naye akajaza kifua akapaza sauti mbele ya kamera: "Mwita wa Marwa wa Kehancha amezama! Hakutoroka! Mwambieni mkewe!" Mwongozaji alipiga makofi. Alisema hajawahi kuona mwenyeji mwenye uchungu wa kweli kama ule.

"Kwa hiyo imo," alisema Patroba. "Dunia nzima imesikia, isipokuwa sisi."

Maana sinema ile yeye hakuwahi kuiona. Wakati wa mkoloni ilikuwepo bodi ya kuamua Mwafrika aone nini, na hiyo haikupita. Baadaye ikapotea. Mwaka huu ndipo nakala moja ilipopatikana, ikasafishwa, na ukumbi mmoja wa sinema za kale huko Houston ukatangaza kuionyesha. Jedidah aliwaandikia kwamba baba yake yumo na bado yuko hai. Walifurahi kupita kiasi. Wakamwita mgeni wa heshima.

"Nitakuja," Celestine alisema. "Ukitaja jina la babu yangu, nitampigia baba simu hapohapo. Usipolitaja, Mzee, usiniambie habari zake tena maisha yako yote."

Waliondoka Euless Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa sinema ilikuwa saa nne asubuhi. Jedidah alikuwa ametoka zamu ya siku nne mfululizo na alishika usukani kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa amevaa suti ya kahawia na kunyoa mara mbili.

"Baba, mbona kimya? Si upige stori nisilale."

"Endesha gari, mama."

Kulikuwa na kipande ambacho hakukisema Carrollton. Wiki moja baada ya Mwita kuzama, mkuu wa wilaya alikuja kambini kuuliza, na wakubwa wakamwita Patroba mezani. Alikuwa na miaka ishirini, na walikuwa wamemwahidi sinema inayofuata. Akaapa. Alisema alimwona Mwita kwa macho yake akienda zake na blanketi jekundu begani, na mwanamke akimngojea ng'ambo. Blanketi alilitunga palepale. Hata wakati huo alijua hadithi bila blanketi haisimami. Karani akaandika, tarishi akapeleka habari Kehancha. Patroba akapata sinema nne nyingine.

Kwa miaka sitini na saba alikuwa amejitetea hivi: mezani nilisema uongo kwa mtu mmoja, kwenye kamera nilisema ukweli kwa watu wote. Tumemalizana. Leo, sinema ikisema, hiyo habari ya mezani haitahitajika. Walipopita Huntsville aliomba Mungu kwa maneno hayohayo.

Ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa wazee wa Kizungu wenye kupenda sinema za kale, na safu moja ya Wakenya wa Houston waliokuja kumwona mtu wao. Celestine alikaa kushoto kwake. Hakuwa amemsalimu zaidi ya "Habari ya safari."

Taa zikazimwa. Patroba alijiona akiwa kijana, tumbo bapa, sanduku kichwani, na Wakenya wakashangilia. Aliona wabeba mizigo wote kumi na wawili kwenye kamba. Walikuwa wametumia mara ya kwanza, ile iliyopitiwa na wingu; ile ya pili haikuonekana.

"Wa mwisho pale," alinong'ona. "Huyo ndiye."

Celestine akasogea mbele. Kichwa kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na sanduku lilimfunika uso.

Kisha ukingo wa mto. Patroba kijana alitoka vichakani akikimbia, jasho likimwagika, akapiga magoti mbele ya bwana mwenye bunduki. Patroba mzee akamshika Celestine mkono. "Sasa. Sikiliza."

Mdomo ulifunguka, na ikatoka sauti ya mtu mwingine. Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba, akibwata maneno yasiyo ya kabila lolote chini ya jua, bulu-bulu na gaba-gaba, na chini yake maandishi ya Kiingereza yakaeleza kwamba mungu wa mto amekasirika. Ukumbi ulicheka kidogo.

"Siyo mimi!" Patroba alisimama. "Hiyo siyo sauti yangu! Tazama mdomo! Tazama mdomo, unasema Mwita!"

Lakini mdomo ulikuwa umeshapita. Pale juu bwana alikuwa anatia risasi kwenye bunduki. Mtu wa nyuma akamwomba mzee akae.

Taa zilipowashwa walimpandisha jukwaani. Mtaalamu wa sinema, kijana mwenye ndevu na heshima nyingi, alieleza kwa furaha jinsi kazi ilivyofanywa siku zile. Sauti za porini zilijaa upepo na jenereta, alisema, kwa hiyo zilitupwa zote. California kulikuwa na jamaa mmoja hodari wa kuigiza "lugha za Kiafrika", anazibuni mwenyewe, na ndiye aliyewasemea wenyeji katika sinema zaidi ya thelathini. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya jamaa huyo. Kisha mtaalamu akauliza kama mgeni wa heshima angependa kuwasimulia kisa cha simba.

Patroba aliangalia chini ukumbini. Wakenya walikuwa tayari wanatabasamu, simu zimeinuliwa. Akasimulia simba. Alisimulia na mke wa simba. Hakuwahi kusimulia vizuri kama siku ile, na alipomaliza walisimama kumshangilia, safu nzima isipokuwa kiti kimoja.

Alimkuta Celestine nje, kwenye maegesho, akitafuta ufunguo wa gari ndani ya mkoba.

"Mama, ngoja."

"Nimengoja, Mzee. Nimeomba off, nimebadilishana shift na mtu ananichukia. Nimeona mungu wa mto."

"Walinitoa sauti. Umemsikia yule mtaalamu akisema."

"Nimemsikia. Wamekutoa sauti ya kusema chochote. Ungekuwa unaimba wimbo wa harusi, ungekuwa unatukana, mimi nitajuaje?" Akafungua mlango. "Na tuseme ni kweli. Kutoka kambini mpaka Kehancha ilikuwa mbali gani?"

"Siku moja. Kwa miguu."

"Siku moja. Na bibi yangu aliishi miaka hamsini na moja baada ya hapo. Hukupata siku moja?"

Jedidah alikuwa amefika na fimbo ya baba yake. "Dada, tafadhali, huyu ni mzee."

"Muache aseme," Patroba alisema. Akaishika fimbo, akajiegemeza. Alijua sasa kwamba lilikuwa limebaki jambo moja tu la kuaminika mdomoni mwake, na lilikuwa lile ambalo alikuja Houston ili asilazimike kulisema.

"Aliyemwambia mkuu wa wilaya kwamba Mwita ametoroka ni mimi. Niliapa. Nilisema nimemwona anakwenda na blanketi jekundu begani."

Mkono wa Celestine uliachia mlango.

"Sema tena."

"Blanketi jekundu. Sikumwona na blanketi lolote. Nililitunga."

"Mimi sikukuambia habari za blanketi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikumwambia mtu yeyote. Bibi ndiye aliyekuwa anasema, kila siku, Mwita hakuwa na blanketi jekundu, basi amenunuliwa hilo na huyo mwanamke. Kila siku. Alichoma kila kitu chekundu mle nyumbani." Alimtazama Patroba kuanzia viatu mpaka kofia. "Hilo nakuamini. Kati ya yote uliyowahi kusema, hilo nakuamini."

Jedidah alirudi nyuma hatua moja, akaketi juu ya ukuta mfupi wa maegesho.

Celestine alibonyeza simu, akaiweka spika. Kehancha ilikuwa saa mbili usiku. Nyuma ya sauti ya mzee aliyepokea zilisikika sahani. "Baba, kuna mtu hapa anataka kukuambia kitu kuhusu babako. Usikate." Akamnyooshea Patroba simu. "Bila chumvi."

Patroba alianza kwa kukohoa, kama alivyozoea kuanza, kisha akaona aibu ya kile kikohozi. Akasema. Wingu, kamba, sanduku, meza ya mkuu wa wilaya, blanketi. Ilichukua muda mfupi mno. Hakuamini kwamba jambo lile lilikuwa fupi kiasi kile.

Upande wa pili sahani zilikuwa zimenyamaza.

"Alikuwa mrefu?" aliuliza yule mzee.

Patroba aliona jibu zuri likimjia, mtu mrefu, mabega, anayetembea kama mwenye ng'ombe mia. Alilisikia kabisa.

"Hapana," alisema. "Alikuwa mfupi. Alinifika hapa begani. Ndiyo maana maji yalimfunika mapema."

"Mama alisema alikuwa mrefu," yule mzee alisema, na simu ikakatika.

Celestine aliifuta kwa kiganja, kana kwamba imelowa. Aliingia garini, akarudi nyuma taratibu kwa kuwa mzee alikuwa amesimama karibu na gurudumu, akaondoka bila kushusha kioo. Watazamaji walikuwa wanatoka ukumbini. Wawili walimkimbilia Patroba na karatasi za tangazo, wakitaka aweke sahihi penye picha ya bwana mwenye bunduki, kwa sababu yeye hakuwemo pichani.

Jedidah alimwondoa mikononi mwao, akamfungulia mlango.

"Mlipomaliza hiyo," alisema, akitazama barabara wala si yeye, "ulicheza sinema nne nyingine."

"Nne."

"Nazo ndizo ulizokuwa unatusimulia tukienda kulala."

Patroba aliingia, akaiweka fimbo katikati ya magoti.

"Funga mkanda, Baba," alisema Jedidah, akawasha gari.