Mkate Alioukataa Mama

Wazee wawili wa kanisa waliingia chumbani kwa mama yake Cheche bila hodi, kama wanafanya msako. Cheche akawafuata na nguo zake za karakana, zilizotobolewa na moto wa kuchomelea vyuma mpaka jina hilo likamganda. Aliyetangulia ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yake. Wa pili ni fundi cherehani, mtu wa kuitikia tu.

Kanisa lao ni la Kikalvini, tena lile la kukaza uzi. Humo wanafundisha kwamba Mungu alishachagua watu wake kabla hajaumba hata chura, waliobaki shauri yao. Kila Meza ya Bwana ikikaribia, wazee wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza: una uhakika umechaguliwa? Ukisita, huli. Mama alikuwa akisita tangu usichana wake. Siku ya Meza anakaa benchi la nyuma, mikono mapajani, sahani ya mkate inampita kama vile hayupo. Aliogopa asije akala hukumu yake mwenyewe.

Cheche alishatoka humo mwaka jana, alinyanyuka katikati ya mahubiri akaenda zake. Tangu hapo hajaomba. Akijaribu, anayemjibu kichwani ni baba mdogo, basi anaacha.

Sasa figo za mama zimegoma na daktari amesema arudishwe tu nyumbani. Baba mdogo akavuta kiti, akafunua kitambaa cheupe chenye mkate, akauliza lile swali lake kama karani anayetaka kitambulisho.

Mama akamtazama. "Shemeji, wewe uniambie. Nimo?"

"Hilo analijua Mungu."

"Hata leo, hali yangu hii?"

Baba mdogo akaanza kukunja kitambaa, kona kwa kona. Fundi cherehani akakohoa.

"Kadeki kanisa lenu mpaka magoti yameota sugu," Cheche akasema. "Mnamnyima kipande cha mkate?"

"Anajinyima mwenyewe. Na wewe nyamaza. Ulivyotoka ndiyo tulijua hukuwahi kuwa wetu."

Ndio mtego wao huo. Ukibaki na shaka, huenda hukuchaguliwa. Ukiondoka, hukuchaguliwa kabisa. Cheche akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba huyo Mungu wake ni bawabu mwenye kinyongo, na achukue kitambaa chake aondoke kabla hawajasahau kuwa ni damu moja. Baba mdogo akasimama, akasema atamwombea. Cheche akamuuliza ya nini, wakati yote yalishapangwa. Mzee akabeba kitambaa chake akatoka, fundi cherehani nyuma yake kama mkia.

Cheche akaenda jikoni, akarudi na mkate wa jana, ule wa dukani, umeshaanza kukauka. Akamega.

"Kula, mama. Umo."

"Nani kasema?"

 Cheche akisema Mungu, atakuwa anamsemea mtu ambaye hawasalimiani.

"Nasema mimi. Kama Mungu ana neno lingine, aje agombane na mimi."

Mama akacheka, maumivu yakamkata kicheko. Akafungua mdomo. Alitafuna macho kafumba, kama anayesubiri kofi. Kofi halikuja. Akameza, akaonyesha kwa kidole kipande kilichobaki.

"Na wewe."

Cheche akakigeuzageuza kile kipande. Mtu mzima, anayeshika moto kutwa, anaogopa mkate. Kumbe alipohama kanisa alihama na woga wao, na mwaka mzima amekuwa akiulisha. Akapandwa na hasira. Akatia mdomoni, ukamkwama, akausukuma kwa mate.

Halafu akainua uso kwenye dari, akaongea, na safari hii hakusikia sauti ya baba mdogo.

"Huyu mpokee. Mambo ya kuchaguachagua sitaki kuyasikia."

Mama akaitikia amina.