Hedi ya Upande wa Kushoto

Agnetha alikuwa fundi injini pale Kagongwa, na kwa miaka kumi na minane hakuna mteja aliyewahi kurudi gerejini kwake kumwita mwongo. Ndiyo maana Mzee Bujiku alimpelekea yeye Landrover ya marehemu baba yake, gari la silinda nane lililokuwa limekaa kando ya zizi tangu wajukuu wake hawajazaliwa.

Gari lile lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mahari ya Limi, dada yake Bujiku. Limi aliolewa Runzewe, ng'ombe wakaja, baba yao akawauza wote akanunua gari. Limi mwenyewe hakuwahi kupakiwa hata siku moja, na kwa hasira hiyo hakukanyaga tena nyumbani. Sasa alikuwa anaumwa, na alikuwa amempigia kaka yake simu.

"Kama linaweza kutembea, njoo unichukue nalo," alisema. "Nataka nilikalie."

Agnetha aliifungua injini akakuta hedi zake mbili, vile vifuniko vya aluminiamu vya juu ya silinda, zimeliwa na maji mpaka zimetoboka. Mpya hazikupatikana. Alizunguka siku tatu kwa wauza vyuma chakavu wa Kahama, akapata jozi iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Akaziosha, akazipeleka kusagwa uso, akafunga valvu, kisha akazilaza uso juu na kumimina mafuta ya taa juu ya valvu ili aone kama kuna mahali panapovuja.

Ya kulia ilibaki kavu. Ya kushoto, baada ya saa moja, ilitoa unyevu kwenye njia ya maji: mstari mwembamba kama unywele. Agnetha akaufuta kwa kitambaa, akangoja. Ukarudi.

Alikuwa bado ameinama pale Mzee Bujiku alipoingia, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama alivyozoea.

"Mayu, vipi hizo? Limi jana hakula kitu. Jumamosi tutaondoka?"

Angeweza kusema hapana. Kutafuta hedi nyingine kungechukua wiki, pengine mbili. Akajiambia kwamba ufa ule ulikuwa mdogo, kwamba gari linakwenda Runzewe na kurudi tu, kwamba likirudi ataifungua hedi ile na kuibadilisha. Kitambaa kilikuwa bado mkononi.

"Nzima, baba. Zote mbili. Jumamosi mtaondoka."

Jumamosi asubuhi gari liliondoka likinguruma vizuri. Kwenye usukani alikuwepo Enock, mume wa Asteria, binti wa Bujiku, na Mzee alikaa kando yake. Walipita Kahama, wakapita Masumbwe. Mbele kidogo moshi mweupe ukaanza kutoka nyuma, mshale wa joto ukapanda, na Enock alipofungua boneti maji ya rejeta yalikuwa yanachemka kama uji.

Basi la kwenda Runzewe lilipita mbele yao. Enock alimsihi mkwewe apande, yeye abaki na gari. Mzee akakataa. "Dada yangu hakuniita mimi. Ameliita gari." Wakangoja lipoe, wakajaza maji, wakaenda kilomita chache, likachemka tena. Walifika Runzewe siku ya pili, kwenye mchana. Limi alikuwa amefariki asubuhi ile.

Habari zilifika Kagongwa kabla ya gari. Na zilifika na jina la mkosaji: Enock hakuangalia mshale wa joto. Enock aliliendesha gari la zamani kama pikipiki. Mzee mwenyewe hakusema kitu mbele za watu, lakini aliacha kuitikia salamu ya mkwewe, na Enock, kwa heshima ya mkwe, hakuweza kujitetea. Asteria alikuwa analia jikoni.

Baada ya mazishi gari lililetwa gerejini likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori. Agnetha akavua hedi ya kushoto peke yake. Ufa ulikuwa palepale alipoufuta, ila sasa ulikuwa umefunguka, kiasi cha kuingiza ukucha.

Enock alikuja jioni hiyo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Fundi, naomba uniambie. Nilikosea wapi? Niliitazama ile saa ya joto kila dakika. Au nilichelewa kuzima?"

Agnetha aliiona hedi mezani, mbele ya macho ya wote wawili. Enock hakujua anachokitazama.

"Injini za zamani, Enock," alisema. "Zina mambo yake."

Enock akashukuru. Akaondoka akiwa amekunja mabega.  Usiku Agnetha alijaribu kusali, akajikuta anamweleza Mungu habari za hedi nyingine, za bei, za haraka, kila kitu isipokuwa kitambaa.

Asubuhi aliifunga hedi ile kwenye gunia, akaipakia kwenye bodaboda, akaenda kwa Mzee Bujiku. Alimkuta ameketi uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu."

Akaifungua mbele yake, akamwonyesha ufa. "Niliuona kabla. Uliponiuliza, nilikuwa nimeshauona. Nikakwambia nzima. Enock hana kosa."

Mzee alipitisha kidole juu ya ufa. 

"Ungeniambia, ningepanda basi siku ileile," alisema. "Ningekuta anaongea."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Usiniombe hilo leo." Sauti yake haikupanda. "Na basi lilipita, nami nikalikataa. Hilo ni langu, usilibebe. Lakini hili ni lako. Umemwambia Enock?"

"Bado."

"Basi umeanzia pasipostahili. Nenda."

Alimkuta Enock kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anakofanya kazi, vumbi la pumba limemjaa kichwani. Alimwita nje, akamweleza yote, na jinsi alivyomdanganya jana. Enock alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akaegemea ukuta, mikono usoni.

"Mke wangu ameacha kuniwekea chakula," alisema. "Unajua hilo?"



Siku hiyohiyo Mzee Bujiku alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Enock, jambo ambalo baba mkwe halifanyi kirahisi, akamwomba msamaha mbele ya Asteria. Agnetha alisimuliwa na majirani.

Alipata hedi nyingine mwezi uliofuata, Mwanza, akaipima mara tatu. Gari alikuja kulichukua Enock. Walizungumza habari za maji na oili tu. Mzee hakuja. Wanapokutana sokoni Agnetha humwamkia, naye huitikia marahaba, lakini lile neno mayu hakulitumia tena, na Agnetha hajawahi kulidai.