Rivasi Huingia Wapi

Shemeji yangu Kamaludin alikwenda Taveta kuchukua vitunguu. Giaboksi ya pikapu yake ikafa huko, na siku ya tatu homa ikamchukua na yeye. Tulimzika huko huko. Pikapu ikabaki, na mjane wake, dadangu Mwanakuu, akakaa eda Mji wa Kale, akitegemea kazi moja tu: pikapu ile kupeleka unga Bondeni kutoka ghala la Shimanzi. Mwenye ghala alishasema, isipofika Jumatatu kazi atampa mwingine.

Fundi Nicanor alikuwa tayari kupanda treni ya kwenda Taveta jioni ile na giaboksi nyingine. Kwenye yadi ya vyuma vikuukuu ya Shimanzi zilikuwapo mbili. Tuchague moja; itakayobaki ilikuwa na mnunuzi wake, angeijia baada ya alasiri.

"Magari haya yalikuja namna mbili, Bwana Athmani," aliniambia. "Gia tatu ama gia nne. Nikibeba isiyo yake ni kazi bure. Yake ni gani?"

Nitajuaje? Mimi hushona kofia. Kwenye gari lile nilikuwa mtu wa kukaa nyuma na magunia. Mbele palikuwa pa Mwanakuu.

"Basi muulize dadako rivasi, gia ya kurudi nyuma, iliingia wapi. Ya gia tatu huingia kushoto mbele, upande wa abiria. Ya gia nne huingia kulia, gotini pa dereva."

Nicanor hangeweza kwenda mwenyewe, maana mwanamke wa eda haonani na wanaume wa nje. Nikarudi mbio juani, nikimlaumu marehemu kwa kufa bila kuniambia gari lake lina gia ngapi. Mungu anisamehe.

"Gia ngapi?" nilimuuliza dadangu.

"Sijui, kaka."

"Mkono wake ulikwenda wapi akirudi nyuma?"

"Sijui."

Hasira zikanipanda. "Miaka kumi na mmoja umekaa kando yake, hukuutizama mkono wake hata siku moja?"

"Nalikuwa nikimtizama yeye," akasema.

Nilitamani kuumeza ulimi wangu. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mwanakuu akaweka kiganja juu ya goti lake la kulia, taratibu.

"Pale Feri, akirudisha gari nyuma, ngumi yake ikinigonga hapa. Kila mara akisema, niwie radhi, Mwanakuu. Miaka yote hakuacha kuniomba radhi."

Kisha akalia, na mimi sikuwa na la kufanya ila kukimbia Shimanzi. Ya gia tatu! Tukaiwahi.

Magharibi nilirudi kumwambia treni imeondoka nayo.

"Ni ile ile?" akauliza. "Rivasi itaingia pale pale?"

"Pale pale."

Mkono wake ulikuwa ungali gotini.

"Basi nikitoka eda, dereva yeyote mtakayemweka," alisema, "mimi nitakaa nyuma na magunia."