Kifuniko Kilicholegezwa

Walimwita Mzee Tundu kwa sababu ya kazi yake. Aliuza vifaranga, na hakuna boksi lililotoka dukani kwake bila kutobolewa matundu pande zote. "Kiumbe hai ni hewa," alipenda kusema, msumari mkononi, na kweli vifaranga wake hawakuwahi kufia njiani.

Basi mkewe akavimba mguu. Usaha ulijificha ndani kabisa, ukinuka usiseme, na dawa zote ziligonga mwamba. Daktari akauvuta, akautia kwenye kichupa, akakaza kifuniko.

"Peleka maabara kuu. Lazima wadudu wafike hai, ndipo tujue dawa ya kuwaua. Tukikosa hapo, mguu unakatwa."

Wafike hai! Kwenye foleni ya magari mzee akakitazama kichupa kilivyobanwa, roho ikamuuma. Maskini wa Mungu, watafikaje? Akafungua kifuniko, akawapepea kwa kofia yake. Alipokaribia maabara akakifunga tena, asionekane mshamba.

Majibu yakaja: hakuna mdudu hata mmoja aliyeota.

"Amepona!" mzee akaruka.

"Amepona nini, na chumba chote kinanuka?" Daktari alimkazia macho. "Kile kichupa ulikifungua?"

Mzee akaeleza kila kitu, tena kwa fahari. Daktari akajishika kichwa.

"Wadudu hawa wamejificha ndani kwa sababu hewa ni adui yao, mzee wangu! Oksijeni ikiwaingia huzaa sumu, ndugu wa ile dawa ya kidonda inayotoa povu. Wewe na mimi tuna vimeng'enya mwilini vya kuizima sumu hiyo. Wao hawana. Umewaua kwa huruma."

"Si afadhali, kama wamekufa?"

"Wamekufa wa kwenye kichupa! Wa mguuni wanadunda."

Mkewe alisikia yote kitandani. "Kumbe umewahurumia wao, mume wangu, mimi nikatwe mguu." Mzee aliogopa kweli, akalia palepale mbele ya daktari.

Usaha ukavutwa upya. Safari hii maabara walihangaika kufungua kichupa, maana mzee alikikaza zaidi kwa koleo.

"Wameota," wakamwambia baadaye. "Wengi mno, wazima kabisa."

"Mungu mkubwa! Wadudu wa mke wangu wazima!" alipiga kelele pale mapokezi, na watu wakasogeza viti mbali naye.

Dawa ikajulikana, na mkewe akarudi dukani kwa miguu yake yote miwili. Mzee akamwekea kiti, akaenda kumfungulia dirisha, kisha akasita, mkono umeshika komeo.

"Nifungue au nifunge?"

"Fungua," mkewe akasema. "Mimi nina vimeng'enya."