Mhojiwa wa Kwanza

Muuza mikoba wa Mtaa wa Sikukuu aliamka Jumatatu hana jina. Usiku alikuwa nalo. Mama yake alimwita kwa jina hilo akafunge mlango wa uani. Asubuhi mama huyo, Fatuma, alifungua mdomo amwamshe kwa ajili ya kazi, akakuta hakuna cha kutamka. Akamtikisa bega. Kwenye kitambulisho chake picha ilikuwepo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo, pale pa jina palikuwa peupe. Akanywa chai, akaenda kupanga mikoba yake.

Kabla ya adhuhuri ikajulikana kuwa hayuko peke yake. Fundi cherehani wa pale kona hakuwa na jina. Muhindi mwenye duka la kufuli hakuwa nalo, na kibao cha juu ya duka lake kilibaki kimeandikwa "na Wanawe" tu. Walipohesabiana walikuwa watu kumi. Wote waliwahi kuongea na Abdulmalik.

Abdulmalik alizaliwa mtaani hapo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Alisoma mpaka Ulaya, akasomea usalama wa kimataifa na ulinzi. Hiyo ni elimu ya kujua nani anaweza kumdhuru nani, na kwa njia gani. Kila likizo alikuja akakaa na watu barazani, akauliza mzigo unatoka wapi, nani anasafiri, nani kabadili msikiti. Aliwaahidi kwamba majina yao hayatajulikana. Ndivyo kazi ile inavyofanywa: mtu anaandikwa Mhojiwa wa Pili, Mhojiwa wa Tatu, basi. Jumatatu ile kitabu chake kilitoka, na ahadi ikatimia.

Aliporudi na udaktari wake, muuza mikoba alimfuata. Wapagazi walikuwa wameshazoea kumwita Namba Nne, maana Abdulmalik mwenyewe alishamwambia barazani kuwa ndiyo namba yake.

"Daktari, nirudishie jina langu."

"Limefichwa kwa usalama wako."

"Usalama gani? Jana mteja kaita 'we nanii', tumeitika watu watano."

Abdulmalik aliyakumbuka majina yote, na hakuna mwingine aliyeyakumbuka. Siku moja, ofisini kwake chuoni, alijaribu. Alitamka jina la fundi cherehani. Mchana ule ule mke wa fundi alimwita mumewe kwa jina, naye akaitika na kuendelea kushona. Lakini kwenye kitabu, kila nakala popote ilipokuwa, kurasa zilizomtegemea fundi zikawa nyeupe. Wachapishaji waliandika kuuliza. Abdulmalik akawajibu kuwa ni kosa la mtambo, na hakutamka tena.

Sura ya nne ilimhusu muuza mikoba. Alikuwa amekwenda Mombasa mara mbili kufuata mzigo. Kitabu kilisema mtu wa aina yake anaweza kuwa daraja la vijana wanaoondoka kwenda kupigana kaskazini. Neno "anaweza" lilikuwepo, lakini waliosoma walilipita. Wanaume wanne waliovaa kiraia walikuja wakati anafungua mkoba kumwonyesha mteja zipu. Wakamuuliza jina. Akasema hana. Wakaona hilo linatosha.

Fatuma alizunguka vituo. Kila alipofika aliulizwa anamtafuta nani, akasema mwanawe. Wakamwambia kila aliyemo ndani ni mwana wa mtu, mama, taja jina. Hawakuwa wakorofi. Kituo kimoja walimpa kiti na maji.

Akaenda kwa mama yake Abdulmalik, jirani yake wa ukuta mmoja. Mama Malik alikuwa anakaanga vitumbua kwenye kibaraza kama kila siku. Hakumaliza hata kuchota. Aliipua kikaango, akajifunga khanga, akamfuata mwanawe chumbani.

"Malik, mtamke mtoto wa mwenzangu."

"Mama, chuoni wanakaa kunipandisha cheo. Sura ya nne ndiyo wanayoisoma."

"Basi wakishakupandisha, mtamke."

Wakampandisha. Mama yake alipomkumbusha, alisema kuna cheo kingine juu ya hicho, na sura ni ile ile. Fatuma alihamia kwa dada yake Magomeni. Huko alikuwa akisimama mlangoni jioni na kuita, "We!" Watoto wa Magomeni walikuwa wanamjibu.

Mama Malik alikufa kwa presha siku ya Alhamisi, akazikwa Ijumaa makaburi ya Kisutu. Walipomaliza kufukia, Sheikh Zahoro alichuchumaa upande wa kichwa ili asome talkini, ambapo maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake, akafundishwa majibu ya maswali atakayoulizwa kaburini. Sheikh akamuuliza Abdulmalik jina la marehemu.

Wakati watu wanahesabiana mtaani walikuwa kumi, na kumbe walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyegundua, kwa sababu tangu azae mtoto wa kwanza yule mwanamke hakuitwa kingine ila Mama Malik. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo. Wakampigia simu Nasma, binti yake, aliyekuwa nyumbani na wanawake. Nasma akauliza chumba kizima, akarudi kwenye simu akasema wote wanamjua, jina hawalijui.

Mama Malik ndiye Mhojiwa wa Kwanza. Miaka yote ile, wakinywa chai, alimsimulia Abdulmalik malori yanayoshusha alfajiri, nani kapokea nini, mtoto wa Fatuma kaenda Mombasa. Alidhani anaongea na mwanawe. Sura ya kwanza nayo ilikuwa inasomwa wiki hiyo na kamati ya uprofesa.

"Jina la mama yako, Malik," sheikh alisema.

"Silijui, sheikh."

Sheikh Zahoro akamwita mja wa Mungu, binti Hawa, kama wanavyoitwa wasiojulikana. Mabinti Hawa pale Kisutu ni wengi.

Siku ya tatu, hitima imekwisha na pilau inapakuliwa, Mama Malik alirudi. Nasma alimpa khanga, akampisha kigoda chake. Mama akasema alilala akisubiri kuitwa, akasikia anaitwa mtu mwingine. Wateja walimuuliza kama kesho kutakuwa na vitumbua.

Abdulmalik alitoka ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Malik, mimi naitwa nani?"

"Kesho kutwa wanakaa, mama."

"Haya, baba."

Walikaa, wakampa uprofesa. Kila Idi anakuja na mkate na sukari, mama yake anamuuliza, naye anasema toleo la pili liko mtamboni. Mwaka jana Sheikh Zahoro alimuuliza, siku yake ikifika, watamwita mwana wa nani.

"Mimi nitakuwa najulikana, sheikh," Profesa alisema.

Uprofesa ule uligharimu majina kumi, maana la fundi lilirudi. Uligharimu mtoto mmoja wa Fatuma. Uligharimu kaburi moja Kisutu, limechimbwa, limefukiwa, halina mtu. Kwa upande wa Abdulmalik zilipotea kurasa sita, zile za fundi.