Mwewe wa Kisiba Apangiwa Zamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Tusekile alikuwa nyuma ya jiko lake huko Kisiba, anasugua sufuria kwa majivu, simu kaiegemeza kwenye kopo la mafuta, jicho moja kwenye sufuria na jingine juu ya mparachichi. Mwewe alikuwa ameshaamka. Alikuwa mwewe wa kawaida wa milima ya huku: tumbo jeupe, mgongo mweusi, mkia wa rangi ya matofali, na uso wa mtu aliyeitwa kikaoni bila kuambiwa ajenda. Alijinyoosha, akajisaidia juu ya bati la choo, akaruka. Tusekile akafuta mkono mmoja kwenye khanga, akaandika: "Kaondoka. Kaelekea kushoto."

Hatua hamsini kutoka hapo, upande wa pili wa migomba, aliishi baba mkwe wake. Tusekile alikuwa ameolewa miaka minane na hajawahi kumwona uso. Katika ukoo ule wa Kinyakyusa, ulioshika mila kwa mikono miwili, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, na mkamwana hatamki jina la mzee. Kwa hiyo hata hapa ataitwa Mzee tu. Koo nyingi zilikwishalegeza, wakwe wanapeana mikono mpaka kanisani, lakini ukoo huu haukuwa na haraka. Tusekile alimjua Mzee kwa kikohozi, kwa redio, na kwa mabuti ya mpira aliyobaki nayo tangu alipostaafu kiwanda cha chai. Wakikaribia kukutana njiani, wa kupisha alikuwa Tusekile. Aliingia migombani, akageuza mgongo mpaka mabuti yapite. Ujuzi huo alikuwa ameufikisha mbali. Mwaka wa mvua kubwa aliruka mtaro akiwa na ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, na maji hayakumwagika. Aliyelalamika ni mtoto.

Tangu mama mkwe afariki, Tusekile ndiye aliyempikia Mzee. Aliweka bakuli juu ya jiwe katikati ya migomba, akalifunika kwa jani, akagonga mfuniko mara mbili, akaondoka. Baadaye bakuli lilirudi jiweni limeoshwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya siku nzima. Mumewe, Noah, aliendesha lori la ndizi kwenda Dar es Salaam, na siku alizokuwa nyumbani alilala.

Basi Tusekile alihitaji marafiki, akawapata kwa sababu ya mwewe. Utotoni kazi yake ilikuwa kulinda vifaranga. Alikaa miaka akimtazama adui angani, mwisho akampenda. Kundi la Wasapu liliitwa Wapenzi wa Mwewe, lilikuwa na watu mia na arobaini, na liliongozwa na Beatrice, mwalimu wa hisabati wa Singida, aliyeliongoza kama darasa la pili. Kundi la kwanza lilikuwa limevunjika baada ya mwanachama mmoja kutaja mti wenye kiota na mwanachama mwingine kuja kuupanda. Kwa hiyo sasa sheria zilikuwa mbili: usitaje unakoishi, wala usitumie jina lako. Kila mtu alichukua kiungo cha mwewe. Tusekile alikuwa Unyoya. Rafiki yake mkubwa alikuwa Ukucha.

Ukucha alikuwa mtu wa maneno machache na picha mbaya. Picha zake zote zilikuwa za anga tupu, na chini yake ameandika: "Ameshapita." Kilichowaunganisha kwanza ni ratiba. Unyoya akiandika kwamba mwewe wake kaelekea kushoto, dakika ileile Ukucha aliandika kwamba wake kaelekea kulia. Walifuatilia jambo hilo miezi mitatu, wakakubaliana kwamba mwewe wa jamii hii, popote walipo nchini, hufanya kila kitu kwa wakati mmoja, ila wengine wanatumia kushoto. Beatrice aliuweka utafiti huo kwenye kumbukumbu za kundi.

Kutoka kwa mwewe wakaingia kwenye mambo ya nyumbani, kama watu wafanyavyo. Unyoya alisimulia kwamba ana mkwe anayefungua redio kama anahutubia wilaya. Ukucha alimshauri amvumilie. Huenda mzee wa watu anaogopa ukimya, na redio ndiyo inayowaambia majirani kwamba yu hai. Kesho yake, kwa kumwonea huruma mzee huyo asiyemfahamu, Ukucha aliongeza sauti ya redio yake mwenyewe.

Naye Ukucha alisimulia kwamba ana mkamwana anayechemsha maharage kama anayaadhibu. Unyoya alimjibu kwamba kumpikia mtu usiyemwona ni kazi ngumu, na kwamba mwanamke huyo pengine hajui hata kama chakula chake kinaliwa au kinamwagiwa kuku. Ampelekee ishara, hata ndogo. Siku iliyofuata bakuli la Tusekile lilirudi jiweni na parachichi ndani.

"Leo mkwe kaniletea parachichi," Tusekile alimwandikia Ukucha. "Sijui anataka nini."

"Wazee hao wa kujihadhari nao," Ukucha alijibu, na alimaanisha.

Mtoto wa Tusekile alipolazwa wiki nzima kwa homa ya mapafu, hakuna aliyemuuliza hali mara nyingi kama Ukucha. Aliuliza asubuhi, mchana na jioni, na katikati alituma anga tupu. Mtoto alipopona, Tusekile aliandika kwamba katika dunia hii ana rafiki mmoja, naye ni Ukucha.

Mwezi wa nne Beatrice aliamua kundi lionane ana kwa ana. Kura iliangukia Tukuyu, Jumamosi, kwenye ua wa nyumba moja ya wageni pale Ibighi. Tusekile alimpigia Noah kuomba ruhusa, akaipata, kwa kuwa Noah alikuwa anapita mzani na hakusikiliza vizuri. Alimwandikia Ukucha kwamba hatakosa. Ukucha akajibu kwamba hata yeye ameshapaka mabuti yake mafuta.

Walifika watu kumi na mmoja. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha, ile ambayo Tukuyu haihesabiwi kuwa mvua. Tusekile aliketi karibu na ukuta akiwa na kadi ya boksi kifuani iliyoandikwa UNYOYA. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai aliposikia kikohozi getini. Kilikuwa kikohozi cha ngazi tatu, mbili ndogo na moja kubwa, na alikuwa amekisikia kila asubuhi kwa miaka minane. Aliangaza ua mzima kutafuta migomba. Haikuwepo. Akageukia ukuta.

Hapo mwewe akashuka. Alitua juu ya tangi la maji, akafungua bawa la kushoto, na bawa likaendelea kufunguka, unyoya baada ya unyoya, kama mtu anayevuta pazia, mpaka likafika ukutani. Tusekile akawa upande huu na Mzee upande ule. Bawa lilinuka mvua na panya kidogo. Beatrice aliwaomba watu wa katikati wasogeze viti. Daktari wa meno kutoka Njombe, ambaye kundini ni Jicho, alitoa tepu, akapima, akasema ni mita nne na sentimita kumi. Mhudumu alipita chini ya bawa na sinia la chai kwa kuinama kidogo.

Kisha Beatrice akaita majina. Aliita Unyoya, Tusekile akasema yupo. Aliita Ukucha. Nyuma ya bawa kikohozi kikapanda ngazi zake tatu, na sauti ikasema ipo.

Tusekile aliweka kikombe chini. Halafu simu yake ikatetemeka.

"Ni wewe wa maharage?"

"Ni mimi. Ni wewe wa redio?"

"Ndiye."

Mabuti yalionekana chini ya bawa, yanang'aa, yamesimama pamoja kama ya mtoto aliyeitwa ofisini.

"Lile parachichi lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri," aliandika Tusekile. "Ndaga, baba." Asante hiyo ya Kinyakyusa ilikuwa neno la kwanza alilomwambia kama baba mkwe, na alilikagua herufi kwa herufi kabla ya kulituma.

Habari zilifika Kisiba kabla yao. Amoni, mdogo wake Mzee na mtunza mila wa ukoo, aliitisha kikao Jumapili baada ya ibada, barazani kwa Mzee. Wanaume sita walikaa. Tusekile alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko la marehemu mama mkwe, hapohapo uani, mahali pake, anamenya ndizi na kusikiliza.

Amoni alieleza kwa upole kwamba hana ugomvi na mwewe. Tatizo ni mkwe na mkamwana kukaa kundi moja miaka miwili wanapiga soga. Mmoja atoke. Na kwa kuwa anayepisha njiani anajulikana, hata huko kwenye simu anajulikana. Tena Tusekile bado kijana, atapata kundi jingine, yapo ya keki. Mzee katika umri wake ataanzia wapi kutafuta marafiki?

Wanaume wanne walisema ni sawa. Wa tano alikuwa amelala.

Mzee alikohoa. "Amoni," alisema, "mkamwana huyu nililetewa. Rafiki nilimtafuta mwenyewe."

"Mma, kaka, haiwezekani," alisema Amoni. "Sasa utasema unamwonaje? Kama nani?"

Kabla Mzee hajajibu, simu yake ikalia. Alivaa miwani, akasoma kimoyomoyo, halafu akaomba ruhusa kusoma ujumbe wa rafiki yake mbele ya kikao. Hakuna sheria iliyomzuia, kwa kuwa ukoo haukuwahi kufikiria jambo hilo.

"Unyoya anauliza," akasoma Mzee, polepole, kidole chini ya maneno. "Nisionekane, nimekubali. Nisisikike, nimekubali. Sasa hata kutazama juu niombe kwa nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza mkamwana kuzungumza katika kikao cha ukoo ule, na alifanya hivyo kwa sauti ya baba mkwe wake. Nyuma ya jiko kisu kilikuwa kimetulia.

Mwewe alishuka kutoka kwenye mparachichi, akatua juu ya paa la jiko, akashusha bawa kutoka hapo mpaka kwenye nguzo ya baraza. Amoni aliinuka akalikagua. Aliweka jicho upande mmoja akatafuta tundu, hakuliona. Alilibonyeza. Akatangaza kwamba bawa ni zito kuliko migomba, na migomba ilitosha kwa babu zao. Kulikuwa na mapendekezo mengine mawili, moja likiwa la turubai. Pendekezo la kuwaacha watazamane halikutolewa. Ikaamuliwa kwamba Tusekile abaki kundini ilimradi bawa liwe katikati. Na siku ambayo bawa halipo, apishe kama kawaida.

Uamuzi huo ulifika mpaka kwenye simu. Tangu jioni ile, kila Ukucha alipomwandikia Unyoya, kivuli cha bawa kilipita kwanza juu ya kioo, kisha maneno yakaja. Beatrice alilalamika kwamba anaona giza kidogo kundini. Tusekile alipeleka simu kwa fundi mjini, kijana mwenye darubini ya kuvaa jichoni. Fundi aliifungua, akaipuliza, akaifunga. Alisema hicho si kirusi, ni heshima, na hana dawa yake.

Tusekile na Mzee wakaanza kukaa jioni uani, Tusekile kwenye kigoda upande huu, Mzee kwenye kiti upande ule, bawa katikati, wanaandikiana. Mvua ikinyesha, manyoya yalilala kuelekea kwa Tusekile, na maji yote yakamwagikia huko. Mzee aliandika kwamba bawa ni zuri sana, kwake pakavu kabisa. Tusekile akasogeza kigoda.

Haikuchukua wiki mbili Amoni akakumbuka kwamba naye ana wakamwana watatu. Baada yake akaja mzee Anyosisye, mwenye watano na uwanja usio na mgomba hata mmoja. Ratiba ikabandikwa kwenye mlango wa duka la Andrea: Jumatatu na Alhamisi kwa Amoni, Jumanne na Ijumaa kwa Anyosisye, Jumatano na Jumamosi kwa Mzee, Jumapili mwewe apumzike. Mwewe aliizoea. Alikwenda kwa wakati, alifungua bawa, alilifunga. Watu wa Kisiba walimsifu kwamba siku hizi ametulia, hasumbui hata vifaranga. Jumapili alishinda juu ya mparachichi macho yamefumbwa, hana hamu ya kwenda kushoto wala kulia.

Kundini taarifa kutoka kwa Unyoya na Ukucha zikapungua. Beatrice aliuliza kama utafiti wao umesimama. Walijibu kwa pamoja kwamba mwewe wao yupo, mzima, ila yuko kazini.

Alhamisi moja Tusekile alikuwa anapandisha njia na mkungu wa ndizi kichwani aliposikia mabuti yanashuka. Mwewe alikuwa kwa Amoni mpaka saa nane. Tusekile aliingia migombani, tope likamfika vifundoni, akageuza mgongo. Mabuti yakafika usawa wake. Hayakupita. Yalisimama pale njiani, hatua tatu nyuma yake, na akasikia vidole vinabonyeza kioo taratibu.

Simu ikatetemeka kiunoni. Aliitoa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkungu. Kivuli kikapita, kisha maneno.

"Juu hakuna kitu leo."

Tusekile aliinua macho kadiri mkungu ulivyomruhusu. Kulikuwa na anga, kati ya majani mawili.

"Hata huku," akaandika.

Kikohozi kikapanda ngazi zake, mabuti yakaondoka. Akahesabu hatua kumi kama inavyotakiwa, ndipo akatoka.