Makali ya Ski Nyekundu

Asubuhi ile Burgi aliposikia viatu vya jirani vikivunjavunja theluji kwa mlio wa glasi, alikimbilia dirishani. Jana upepo wa joto ulivuma bonde zima, theluji ikawa kama uji, naye alitegemea iwe hivyo na leo. Lakini usiku mbingu zilitakata, baridi ikashuka, na mteremko uliolainishwa na mashine sasa ulikuwa umeganda kama sakafu ya saruji.

Romana, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na saba, alikwisha vaa. Klabu yake ilimwazima jozi mbili za ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, achague moja ya kushindania msimu huu. Za buluu zilikuwa nyembamba kiasi, laini, zenye kumsamehe mtu akikosea. Nyekundu zilikuwa nyembamba zaidi, ngumu, na zikiuma kona haziachii mpaka ziimalize. Juu ya ski za namna hiyo Burgi alirushwa kwenye kona akaingia msituni miaka mingi iliyopita, na chuma alichotiwa pajani bado humtabiria hali ya hewa kabla ya redio.

Angeweza kusema, "Mwanangu, naogopa, chukua za buluu." Hakusema. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Burgi alichelea machozi, milango kubamizwa, na kununiwa mezani. Basi jana jioni, ndani ya karakana anamonolea ski za kijiji kizima, alizinoa jozi zote mbili, kisha akachukua jiwe akayasugua makali ya chuma ya zile nyekundu, yale yanayoshika barafu, mpaka yakafa. Kwenye theluji laini, alijiambia, Romana ataziona zimelegea tu, atazikataa mwenyewe, na nyumba itabaki na amani. Ujanja huo ulimpendeza hata akala chakula kwa hamu.

Watu wa huko hawavai ski kabla ya kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali. Yakiwa yamenoleka, unga wa ukucha hubaki pale. Lakini ski zilizotoka mkononi mwa Burgi hazikujaribiwa na mtu. Ingekuwa kama kumuuliza padri kama anaijua Baba Yetu.

"Anza na za buluu," Burgi alisema walipofika penye viti vya kebo vya kupandia mlima.

"Na barafu hii, mama? Leo ndiyo siku ya nyekundu!"

Luis, mzee wa kuendesha viti, akacheka. "Burgi, leo mlima una meno! Umemnolea vizuri binti yako?"

"Mama yangu hajui kunoa vibaya," Romana akamjibu.

Kiti kikawabeba juu. Hofu ilimwambia Burgi sema, aibu ikamwambia subiri, na aibu ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Wewe na baridi? Haya, umeanza kuzeeka."

Kule juu palikuwa na mteremko mkali, kisha kona, kisha wavu wa usalama wa rangi ya machungwa, na nyuma ya wavu misonobari. Burgi hakuweza kuiangalia ile misonobari.

"Tupite njia ya watoto kwanza, tupashe miguu," alisema.

"Njia ya watoto! Mama, usiniaibishe mbele ya watu."

"Romana, ngoja. Hizo ski..."

Romana alikuwa ameshaondoka.

Burgi alijua kwa sikio kabla ya jicho. Ski zenye makali hukata barafu kama mkasi kwenye kitambaa. Hizi zilikwaruza kama kijiko ndani ya sufuria tupu. Kona ya kwanza hazikushika. Ya pili zilimponyoka, msichana akaanguka kwa nyonga, akateleza kuelekea kwenye wavu, mikono ikitafuta pa kushika na hapana. Burgi alipiga kelele jina lake huku akishuka nyuma yake, roho mkononi. Mungu wangu, nimemuua. Nimemuua kwa mkono wangu.

Wavu ukavimba upande wa miti, ukamrudisha.

Alimkuta ameketi, mdomo unavuja damu, mguu na mkono vizima. Romana hakulia. Alivua glavu, akainua ski moja, akapitisha ukucha wa gumba juu ya makali. Akautazama. Akapitisha tena.

"Mama. Nani kazigusa hizi?"

Burgi alitaka kusema ni jiwe la njiani. "Mimi," akasema. "Niliogopa."

Romana aliinua macho, na Burgi aliogopa macho yale kuliko alivyoiogopa misonobari.

"Vua zako," binti akasema. "Viatu vyetu saizi moja, zitanitosha."

Ski za Burgi nazo zilikuwa nyembamba, ngumu, na alizinoa mwenyewe kila jioni. Romana alipiga magoti, akapitisha ukucha wake juu ya makali yote manne bila haraka, huku mama yake amesimama akimwangalia. Kisha akazivaa.

"Tembea pembeni, mashine haikupita huko," alisema bila kugeuka. "Usije ukaanguka."

Akashuka. Burgi alibaki na ski nyekundu begani, akausikiliza mlio wa mkasi ukienda mbali naye, kona baada ya kona, mpaka hakuusikia tena.